Chupa Nne Juu ya Moshi

Mulumba alipofariki, mwaka 1976, aliacha nyavu mbili na chupa nne za insulini ambazo hazijaguswa. Mjane wake Emilienne, mkausha samaki wa Nchelenge, alizifunga kitambaani akazitundika juu ya tanuri la samaki. Hapo ndipo wakausha samaki huweka kitu wasichotaka kiharibike, maana moshi hufukuza mende, panya na wenye mikono mirefu.

Kuziuza alijua ni kosa. Chabu, mganga wa zahanati, alishasema mara nyingi kwamba dawa ya serikali ni ya bure na anayeiuza atafungwa. Lakini sheria gani hiyo, inayoacha dawa ikae bure huku watu wanakufa?

Basi akaja Mwenze, mchuuzi wa Kilwa, mji wa nchi jirani ng'ambo ya ziwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, mutoto wangu Agnès iko na ugonjwa ya sukari, sawa baba Mulumba. Kwetu dawa ilikwisha. Uniuzishie zile zake."

"Kuuzisha hapana, batanifunga. Nunua samaki. Hizi ni mbasela."

Mbasela ni ile nyongeza ya bure anayopewa mnunuzi, na hakuna askari aliyewahi kumkamata mtu kwa nyongeza. Mwenze nusura apige magoti. Emilienne naye akajiona mjanja kuliko serikali nzima.

Siku ya tatu Chabu akaja kuchukua dawa iliyobaki. Emilienne akamsimulia kwa kujigamba. Chabu hakufoka, aliuliza tu:

"Mama, mulizichunga wapi?"

"Juu ya moshi, mwezi muzima. Hata mende moja haikugusa."

Chabu akakaa mchangani na suruali yake nyeupe.

"Dawa hii inaogopa moto. Hamukuona Mulumba anaiweka pembeni ya mutungi wa maji, kwa baridi? Sasa ni maji tu. Ule mutoto anapigwa sindano ya maji, na baba yake anaamini atapona. Mumulete hapa. Mugonjwa wa ng'ambo ni mugonjwa."

Emilienne aliona, ndiyo. Alidhani ni ukaidi wa mgonjwa. Mchana ule ule akapanda boti.

Mwenze alimpokea Kilwa kwa kicheko.

"Mama! Tulisha kumupiga sindano siku tatu. Ila anakunywa maji sana, na leo analala tu."

Emilienne alitamani ardhi immeze. Angeweza kusema dawa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na nani angejua?

"Ile dawa niliiua miye, Mwenze, na moto yangu. Mubebe mutoto, boti inatungoja."

Mwenze alitoka na Agnès mgongoni, akaketi upande mwingine wa boti, mbali naye, mpaka Nchelenge.

Agnès alipona, baada ya majuma matatu kwa Chabu. Mwenze siku hizi hununua samaki kwa mwanamke mwingine, na Emilienne, akimwona anapita, hamlaumu.