Tete Yangu ku Ukuta ya Mathe

Ku atelier ya Mathe, menuisier, fundi mbao wa barabara ya Rughenda, foleni haikukuwa ya batu. Ilikuwa ya matete. Mutu akifiwa, anapima mufu wake na tete, anaikata, anaiegemeza ku ukuta nyuma ya ile amekuta. Mathe anaanzia ku mulango, anazifuata moja moja, anafanya sanduku ya kuzikia. Hapana kuruka. Siku moja familia mbili zilipiganaka pale, mufu mbili, sanduku moja, na tangu ile siku Mathe anasemaka: tete ndiyo inaongea, mutu anyamaze.

Tete ya kwanza ku mulango ilikuwa yangu. Niliikata mwenyewe, mimi mukaka, bibi muzee, muzima kabisa, juu bakwe zangu ni bachoyo, na mimi sikutaka banizike ndani ya mbao ya kubandua ku nyumba ya kuku. Mais kila Mathe alipotaka kuianza, nilimwambia:

"Leo hapana, tata. Pisha mwingine."

Nilipisha mwalimu. Nilipisha mama muuza mandazi. Nilipisha hata catéchiste, ye mwenye alikuwa ananiambia kila dimanche ku misa nijitayarishe. Batu balicheka:

"Mukaka Anne-Marie, uko wa kwanza mais hauingiake!"

"Nyumba yenye haina dirisha," nikabajibu, "mutu mwenye akili anaingia wa mwisho."

Kisha bauaji bakashuka ku mashamba ya Kalunguta. Kila asubui pikipiki zinaleta batu bamefungwa mu mashuka. Matete ikajaa ukuta, ikazunguka kona, ikafika ku choo. Kulikuwa mafupi mingi. Mathe alikuwa na randa moja, courant ya umeme ya bahati, na mbao karibu hapana, juu malori ya Mabalako haikuwa inapita tena. Mimi nilisoma primaire tu, mais ile hesabu hata mutoto anaijua: beseni ikijazwa na robinet kubwa ya maji, na tundu ya kutokea ni kadogo, itamwangika.

Kulikuwa Papa Bertrand, mutu wa bureau ya Leta, ya serikali, bamemutuma kwetu toka Kinshasa. Ye alikuwa amekomanda armoire, kabati ya nguo. Siku moja akakuya na hasira, akaniita koko, sawa kwabo banaitaka bibi:

"Koko, mimi nilikuya mbele ya hawa bote! Mathe aliniambia wiki moja!"

"Papa Bertrand, kuko njia moja ya kubapita bote. Lala hapa chini, tukupime."

Alitoka bila kuaga. Mbao ya armoire yake ikabaki ku kona, mulango moja ilishatobolewa tundu ya fungulo.

Sasa, jirani yangu ni Kaswera. Bwana yake Maliro alikuwa ameenda kupalilia kakao kule Kalunguta, mbele ya bauaji kufika. Hakurudi. Telefone haipiti. Maliro alikuwa murefu sana. Kila akiingia kwangu kuomba moto, kichwa pa! ku mulango.

"Mukaka, hii nyumba yako inanichukia."

"Inakupima tu, mwana wangu."

Tulichekaka.

Siku moja niko nimekaa kwa Mathe, naona Mama Godelive, mama yake Maliro, anakuya na tete ndefu ku bega. Anaiegemeza kule nyuma, karibu ya choo. Mbele aondoke, Kaswera anafika mbio, kitambaa imemuanguka ku shingo. Anashika ile tete, anaivunja ku goti.

"Mama, nani alikuambia mutoto yako amekufa?"

"Hakuna. Mais ona foleni! Siku bakimuleta tutakuwa ba mwisho. Morgue, nyumba ya maiti, imejaa, parokia inazika bote jumamosi. Mwenye hana sanduku anaenda mu bâche, turubai ya plastiki."

"Tete ya mutu muzima ku hii ukuta, ni kumuita! Hapana! Hapana!"

"Na mama yako, wakati wa Ebola, balimuzika mu nini? Umesahau?"

Kaswera hakusahau. Mama yake balimutia mu saki nyeupe, batu ba mavazi ya plastiki bakafunga fermeture, zipu yake, mpaka juu, bakamushusha. Mpaka leo Kaswera anasemaka: mimi sijui nani alikuwa mu ile saki. Alikuwa ameapa, kwa mutu wake mwingine yeyote, saki hapana, bâche hapana. Na tete, hapana pia. Akaokota bipande ya tete, akaenda nayo kwake, sababu hata bipande hakutaka kubiacha pale.

Godelive akabaki analia. Sasa ufanye nini? Ukiweka nafasi, unamuua. Usipoiweka, unamuzika mu plastiki.

Nilienda kwangu. Nilitwaa tete, nikaisimamisha ku mulango yangu, pale Maliro anagongaka kichwa, nikaongeza kiganja moja. Nikakata. Nikarudi kwa Mathe, nikatoa ile yangu fupi, nikaweka ile ndefu pahali pake.

"Mathe, leo usipishe mutu. Fanya yangu."

"Mukaka, uko mugonjwa?"

"Niko muzima."

Akasimamisha tete kando yangu. Ilinipita sawa muti inapita muhogo.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu. Tangu nazaliwa nalala na batu mu kitanda moja. Kule nataka kunyoosha miguu."

Aliniangalia toka miguu mpaka kichwa. Mais ku atelier yake tete ndiyo inaongea. Akatwaa mbao ya armoire ya Bertrand, maana ndiyo ilibakia.

Batu ba foleni bakanung'unika. "Ona Mukaka! Ye mwenye alikuwa anapisha dunia yote, leo ndiyo amekumbuka kufa!" Nikabatupia kamasihara kadogo, hakuna mwenye alicheka. Nyuma yangu kulikuwa mama moja wa Kalunguta na tete fupi, ya mutoto wa kuanza masomo. Ile ingekuwa zamu yake. Sikumuangalia ku macho.

Ijumaa bakamuleta Maliro.

Kaswera alifika kwa Mathe mikono mitupu, bila tete, akaenda kusimama kule ku choo sawa mutu anangojea maji. Nikamuendea.

"Binti, twaa yangu."

Bakamulaza ndani. Kichwa ikafika, miguu ikafika, kiganja moja ikabakia. Godelive akaanza kushukuru, "wasingya, wasingya," na kunishika mikono. Kaswera hapana. Ye aliangalia sanduku, aliangalia Maliro, kisha akaniangalia mimi mwenye kichwa yangu ilifikaka Maliro ku kifua.

"Mukaka, hii sanduku ilikuwa yako?"

"Ndiyo, binti."

"Ulimupima lini?"

Nikainama kunyoosha shuka ya Maliro ku miguu. 

"Mimi nilikuwa napiga magoti namuomba Mungu amurudishe," Kaswera akasema polepole. "Na wewe ulikuwa unamukatia mbao."

Mathe akafunika. Ku kifuniko kulibakia ile tundu ya fungulo. Kaswera akapasua kitambaa yake ya kichwa, akakunja kipande, akaisukuma ndani ya tundu na kidole mpaka ikajaa, udongo isimuingilie mu macho. Akasimama. Hakunisemesha tena.

Jumamosi tulibazika. Ule mutoto wa tete fupi alienda mu bâche ya bleu. Mama yake aliikunja vizuri ku bipembe, sawa mutu anafunga mutoto ku mugongo.

Kaswera sasa anapitaka njia ya nyuma, ile ya matope, juu asipite mbele ya mulango yangu. Mais Maliro hakumuzika mu bâche. Ile ndiyo ninajiambia.

Jumatatu nilirudisha tete yangu, ile fupi ya kweli, kwa Mathe.

"Niiweke ku mulango, pahali pako?"

"Hapana. Nyuma, sawa batu bote."

Akaibeba, akapita kona, akapita choo, akaiegemeza ku muti ya parapara, maana ukuta ilikuwa imeisha. Nikageuka kutafuta mutu wa kupisha. Nyuma yangu hakukuwa mutu bado.