Bata Nyuma ya Bi. Lalumière

Ninayo heshima kubwa kuwatangazia wote wanaohusika, na wasiohusika pia, kwamba ini la babu yangu, Bwana Rosaire Gaudreault, mfugaji wa bata, limefuzu daraja la kwanza. Ni kubwa, limejaa mafuta, na kwa ushuhuda wa mashine halina mpinzani katika kata yetu. Bata wetu akitoa ini kama hilo, wapishi wa Montreal huligombea.

Bahati mbaya babu si bata, na ini lenyewe bado analitumia.

Habari hiyo ilitolewa mwezi wa Mei, katika kliniki moja ya Granby, mimi nikiwa bado bwenini. Daktari alimweleza babu kwamba ini lake limeingia mafuta, kwamba jambo hilo ni la kawaida kwa wazee wenye tumbo kama lake, na kwamba apunguze. Shangazi Mireille, aliyeketi kando na mkoba magotini, alilisikia neno "apunguze" na hakungoja kusikia apunguze nini. Akapunguza vyote.

Kwa hiyo nilipofika shambani kwa likizo mwishoni mwa Juni, nilikuta friji ina supu ya kabichi. Nyuma ya supu ya kabichi palikuwa na supu nyingine ya kabichi, na mlangoni majani ya saladi yaliyokata tamaa. Shangazi huja kila Jumapili kutoka mjini, hujaza friji, huondoka. Mayai aliyafuta. Samaki aliwafuta. Hata maharage aliyatilia shaka.

Tumbo la babu lilikuwa limepungua kidogo, hilo nakiri. Lakini miguu ilipungua zaidi. Suruali ilimning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Ndoo ya mahindi, ambayo ameibeba tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa, sasa aliiweka chini njiani, akasimama kama anayetazama mawingu, kisha akaiokota tena. Hakukuwa na mawingu.

Shangazi aliiona ndoo ile ikipumzika. Jioni, tukinywa supu, akasema bila kupandisha sauti kwamba kipimo cha mwisho wa Agosti kikiwa kibaya, vifaranga wa vuli hawataagizwa, na babu atahamia nyumba ya wazee kule Granby. Chumba kilikuwa tayari na dirisha lake. Babu akauliza dirisha linatazama nini. Shangazi akasema maegesho ya magari. Babu akamaliza supu yake, akatoka kwenda kuwalaza bata.

Nilimkuta bandani, Philomène akiwa miguuni pake. Philomène ni bata jike mzee, mlemavu wa mguu mmoja, aliyesamehewa kisu kwa sababu ambazo babu hazitaji. Humfuata kila aingiaye bandani akimpigia kelele kwa sauti ya lango lisilotiwa mafuta.

"Mjukuu wangu," babu akasema, "bata ananenepa ini kwa kitu gani?"

"Mahindi."

"Mahindi. Wanga mtupu, mchana na usiku. Umewahi kuona bata akapata ini nono kwa kula konokono? Mrudishe majanini ale wadudu, ini linarudi lilivyokuwa. Sasa mimi shangazi yako ananinyima wadudu."

Nilimkumbusha kwamba hakuna aliyekuwa akimshindilia pai ya sukari kwa mrija kooni, kama sisi tunavyowashindilia bata mahindi. Ile alikuwa akiila mwenyewe, na sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti, juu. Akasema hilo ni kweli, na kwamba nina mdomo kama wa marehemu bibi yangu.

Nia yangu, naomba ieleweke, haikuwa tiba. Nilikuwa nimechoka na kabichi, na shuleni nimejijengea jina kwa kuiga sauti ya matroni wetu wa bweni, mama anayeongea kwa pua. Alhamisi moja niliingia bandani, nikaficha namba ya simu yangu, nikapiga simu ya jikoni.

"Bwana Gaudreault? Hapa ni Bi. Lalumière, mtaalamu wa lishe, kutoka kliniki."

Babu akavua kofia. Nilimwona kupitia dirisha la banda. Nikamwarifu, kwa pua yote niliyojaliwa, kwamba mtu wa umri wake akipungua bila kula protini, kinachoyeyuka kwanza ni misuli. Kwa hiyo ale protini asubuhi, mchana na jioni. Hili nilikuwa nimelisoma kwenye bango la zahanati ya shule nikijifanya mgonjwa. Kisha, ili nipate cha kuchekea, nikamwamuru kwamba kila matangazo yakianza kwenye televisheni, ainuke kitini na kuketi tena, mikono kifuani, mpaka kipindi kirudi.

"Samahani, mama," babu akauliza kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa mimi. "Na soseji nayo ni protini?"

Nilikuwa nimeuma mkono wa sweta nisicheke. "Ndiyo," nikasema, "kwa kiasi."

Neno "kwa kiasi" halikufika jikoni. Jioni ile tulikula soseji. Asubuhi tulipaka mkate kretoni, ile nyama ya nguruwe iliyosagwa na kupikwa pamoja na mafuta yake. Babu akashuka kwenye ghala la chini na kupanda na mapaja ya bata yaliyolala ndani ya mafuta tangu majira ya baridi. Supu ya Shangazi ilikwenda kwa Philomène, aliyeidharau. Bi. Lalumière alipiga simu kila Alhamisi, na kila Alhamisi babu alimwombea ruhusa mnyama mwingine. Lakini pia aliinuka kitini. Matangazo ya televisheni yetu ni marefu. Kufika Agosti, ndoo ya mahindi ilivuka uwanja bila kupumzika, na mimi nikaacha kucheka, nikaanza kujiona daktari.

Siku ya kipimo tulikwenda wote watatu. Bi. Thibodeau, mtaalamu wa lishe mwenye kuwepo kweli, alimpokea babu, akamkabidhi kifaa cha kuminya kwa mkono ili kupima nguvu, akamwinua na kumketisha kitini, akaandika. Nguvu zimerudi vizuri sana, akasema. Kisha akafungua majibu ya ini, na sauti yake ikateremka. Mafuta yalikuwa yamezidi ya Mei.

Akauliza babu amekuwa akila nini. Babu akamwambia, mnyama mmoja baada ya mwingine, akaongeza na kule kuinuka kitini wakati wa matangazo, na kumalizia, "Kama alivyoniagiza mwenzako Bi. Lalumière, kwenye simu."

"Hapa hakuna Bi. Lalumière," akasema Bi. Thibodeau.

Shangazi alifumba macho. Alipoyafumbua, alisema polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba, kwamba wakati wa Pasaka baba yake aliweka miwani kwenye friji; kwamba hakutaka kulisema mbele yake; kwamba chumba bado kipo. Akatoa mkobani karatasi ya nyumba ya wazee, akaiweka mezani. Bi. Thibodeau akasema huyo Bi. Lalumière, awe nani, alipatia habari ya kiti na habari ya protini. Ila protini angeiagiza kwenye maharage, dengu, samaki, mayai na mtindi usio na sukari, wala si soseji na mapaja ya kwenye mafuta. Hayo yangerekebishika. Lakini sauti za watu wasiokuwepo ni jambo jingine, na huenda ikabidi babu apimwe kumbukumbu kabla ya kuamua lolote kuhusu shamba.

Babu aligeuza kofia yake mara kadhaa.

"Huenda hayupo," akasema. "Mimi mzee, sibishi. Ila kila akipiga, Philomène alikuwa analia nyuma yake."

"Philomène ni nani?" akauliza Bi. Thibodeau.

"Bata wangu."

Bi. Thibodeau na Shangazi wakatazamana. Kalamu ikainuka. Babu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, bila hasira, kama anavyomtazama bata aliyepita chini ya uzio, akingoja kuona kama atarudi mwenyewe. Nilikuwa nikisoma bango la ukutani lenye picha ya sahani ya chakula bora. Lilikuwa na maharage mengi.

Nikasafisha koo.

"Habari za asubuhi, Bwana Gaudreault," nikasema kwa pua. "Hapa ni Bi. Lalumière, kutoka kliniki."

Kalamu ikashuka. Shangazi alinitazama kwa muda ambao sitaki kuupima.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza babu, si mimi.

"Tangu simu ya kwanza," akasema babu. "Sasa Mireille, mimi na akili zangu tungekataa soseji?"

Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida kwamba ni mimi, kila Alhamisi, kutoka bandani. Kwamba habari ya kiti niliitunga ili nicheke. Kwamba babu hana ugonjwa wowote wa kichwa isipokuwa ulafi. Shangazi akaokota karatasi ya nyumba ya wazee iliyokuwa mezani, akaikunja, akairudisha mkobani. Akaniuliza kama kuna lingine.

Lilikuwepo. Mapaja ya bata ya kule ghalani, nusu yake aliyala Bi. Lalumière.