Kadi Kubwa, Kompyuta Kuukuu

Kwa wiki tatu Mwalimu Nakiru Aregae alikuwa akiutazama mstari mmoja wa kijani. Mstari wenyewe ulikuwa chini ya skrini ya kompyuta ya darasa, na kazi yake ilikuwa kuonyesha video imetengenezwa kufikia wapi. Ulijikokota hadi karibu na katikati, ukatulia, kisha picha yote ikaganda na mashine ikajizima. Nakiru aliiwasha tena. Ikaanza mwanzo.

Alifundisha watoto viziwi katika shule moja ya msingi mjini Lodwar, watoto kumi na mmoja wa umri tofauti ndani ya chumba kimoja. Vitabu vya sayansi alivyopewa viliandikwa kwa ajili ya watoto wanaosikia, kwa hiyo likizo iliyopita alijifundisha mwenyewe kutengeneza katuni. Katika katuni hiyo mwanamke mwenye shanga tele shingoni anaeleza somo kwa lugha ya ishara, na nyuma yake jambo lenyewe linaonekana likitendeka. Somo la kwanza lilihusu safari ya maji kutoka ziwani hadi mawinguni. Lilikuwa la dakika tano. Kwa wiki hizo tatu, kompyuta ilikuwa imetoa sekunde arobaini tu, kwa vipande vifupi vifupi.

Ijumaa wangekuja wageni kutoka ofisi ya elimu kuliona. Wakiridhika, huenda somo lingepelekwa hata kwa watoto viziwi wa shule nyingine.

"Si uwachoree tu ubaoni?" aliuliza Mwalimu Erupe, naibu wa mkuu wa shule, akichungulia mlangoni. "Chaki haigandi."

Nakiru alitoka nje akampigia simu Serge Ilunga, fundi wa kompyuta kule Kakuma. Serge alikuwa Mkongomani kutoka Kalemie, na mwaka uliotangulia aliwahi kuitengeneza printa ya shule ikaendelea kufanya kazi. Alimsikiliza, akacheka kidogo.

"Mwalimu, mashine haina kadi ya picha. Kazi yote inafanywa na kichwa kimoja, lazima ichoke. Miye niko na kadi hapa, nzuri sana. Ndani ya mashine yako kuna nafasi?"

"Nafasi ipo. Hata mbuzi anaweza kulala."

"Basi, imekwisha!"

Nakiru akatuma pesa, na Jumatatu asubuhi dereva wa Probox akamletea kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na gundi ya karatasi. Ndani mlikuwa na kadi nzito yenye feni mbili, ndefu kama mkono wa mtoto tangu kiwiko. Nakiru alifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akaisukuma kadi mahali pake mpaka ikalia *tak*. Iliingia vizuri kabisa. Akafurahi, akaita watoto waje waone feni zikizunguka.

Feni hazikuzunguka. Skrini iliwaka nyeusi, yakatokea maandishi meupe yakimwambia azime mashine na aunganishe waya wa umeme wa kadi. Nakiru akatafuta waya huo. Ubavuni mwa kadi palikuwa na tundu lenye meno sita, lakini ndani ya kompyuta hapakuwa na waya wowote wa kuingia hapo. Aliinua kila waya mmoja mmoja, akaangalia kichwa chake, akaurudisha. Watoto kumi na mmoja walimzunguka wakitazama mikono yake.

"Pawa saplai yako, kile kisanduku cha kugawa umeme, imeandikwa wati ngapi?" Serge aliuliza kwenye simu.

"Mia mbili na arobaini."

"Ah," akasema Serge.

"Ah nini?"

"Ni kidogo, Mwalimu. Kadi hii inakula umeme mwingi."

"Mbona hukuniuliza mapema?"

"Ulisema iko na nafasi."

"Nilisema nafasi, Serge! Sikusema umeme!"

Jumanne aliomba ruhusa ya siku moja, akamwachia mwalimu mwenzake darasa. Akaiviringisha kompyuta kwenye blanketi na skrini kwenye shuka, akasafiri nazo hadi Kakuma, kompyuta mapajani, kwa sababu dereva alitaka kuiweka chini ya magunia ya vitunguu. Kila gari liliporuka tuta aliibana kifuani. Alipofika kwenye kibanda cha mabati cha Serge, mikono ilikuwa imekufa ganzi.

"Ejok, Mwalimu," alisema Serge, akimpokea mzigo. Hilo, la kusema kwamba mambo ni mazuri, ndilo neno pekee la Kiturkana alilolijua, na alilitumia kila alipoona mambo ni magumu.

"Ejok utaniambia ikiwaka."

Serge alichomoa pawa saplai kubwa kutoka kwenye mashine iliyokufa na kuiweka mezani kwa mbwembwe. Kisha akaushika waya wake mkuu, akausogeza kwenye bodi ya kompyuta ya Nakiru, akasimama hivyo hivyo. Plagi ilikuwa pana, yenye matundu ishirini na manne katika safu mbili. Soketi ya kompyuta ya shule ilikuwa ndogo, ya matundu sita tu. Akaigeuza plagi upande wa pili, kana kwamba matundu yangepungua.

"Hizi mashine za ofisi," alisema polepole, "zina umbo lao peke yake. Haziingiliani na za watu wengine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii haiingii."

Nakiru aliketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Jasho lilimtiririka mgongoni na mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini.

"Nimewaacha watoto, nimebeba chuma hiki kilomita zaidi ya mia kama mtoto mchanga. Sasa niambie ukweli. Ulijua?"

Serge aliangalia bisibisi mkononi. "Sikujua. Lakini sikutaka kuuliza pia. Kadi hii imekaa hapa miezi minne, hakuna mtu wa kuitaka. Ulipopiga simu, nikafurahi. Nikaona nikiuliza sana utakataa." Akainua macho. "Nimekosa, Mwalimu."

Nakiru alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa njiani. Lakini ni vigumu kugombana na mtu aliyekwisha kukubali kosa, na hilo nalo lilimuudhi.

"Iko kadi moja ndogo," Serge akasema. "Inapata umeme kwenye bodi yenyewe, haitaki waya. Itaingia kwako. Shida, si yangu. Iko ndani ya mashine ya Mathilde."

Mathilde alikuwa na studio ya picha vibanda vitatu mbele. Alipiga picha za pasipoti na kuchapisha barua za watu, na kompyuta yake ilikuwa ya kawaida, yenye pawa saplai ya nguvu. Serge alimweleza jambo lenyewe: achukue kadi kubwa bila kuongeza kitu, atoe ile ndogo. Mathilde alimsikiliza huku akikata picha kwa mkasi.

"Mashine yangu inatembea, inafanya kazi," alisema. "Kitu kinatembea, munakifungua kwa nini?"

"Itatembea zaidi, Mama."

"Sikuomba zaidi."

Nakiru akatoa simu yake, akamwonyesha zile sekunde arobaini. Mathilde aliweka mkasi chini na kutazama mwanamke wa shanga akiinua mikono, na ziwa likimetameta nyuma yake.

"Sauti yake iko wapi?"

"Haina. Ni ya watoto wasiosikia."

Mathilde akairudia tena, mara ya pili, karibu na uso.

"Na watoto hao watakuja kupigwa picha kwangu?"

"Wako Lodwar, dada."

"Basi sina faida hata moja," alisema Mathilde, akaichomoa plagi ukutani. "Harakisheni. Saa nane niko na watu wa picha."

Kadi kubwa iliingia kwenye mashine ya Mathilde, ikapata umeme, feni zote mbili zikazunguka. Hapo pakawa na furaha kidogo. Walirudi kwa Serge na kadi ndogo, wakakuta kipande chake cha chuma cha nyuma kimepinda, hakiingii kwenye kompyuta ya shule. Serge akakifungua na kukiacha pembeni, kadi ikabaki imeinama, imeshikwa na soketi peke yake. Sasa kifuniko kingeigonga, kwa hiyo wakaiacha mashine wazi. Wakawasha.

Giza.

Serge aliitoa kadi, akaisugua meno kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Giza. Akaing'oa ile betri ndogo ya bodi, wakangoja dakika kumi, akairudisha. Giza. Akabadilisha vipande vya kumbukumbu ya mashine, akapuliza kila tundu, akasali kwa Kifaransa. Saa moja ikapita, ya pili ikakaribia kwisha. Nakiru alizunguka nyuma ya meza apate upepo, macho yake yakaangukia waya wa skrini. Ulikuwa bado umechomekwa kwenye tundu la zamani la kompyuta. Kwenye kadi hakukuwa na kitu.

Aliuchomoa, akauchomeka kwenye kadi. Skrini ikawaka.

Wote wawili waliitazama. Hakuna aliyeshangilia.

"Saa mbili nzima," alisema Nakiru.

"Mwalimu, tafadhali usimwambie mtu," alisema Serge.

Jumatano, Lodwar, alipakua programu ya kuiendesha kadi. Bando ya intaneti ikaisha upakuaji ukiwa umebakiza kidogo sana, na kazi ikaanza upya. Akanunua bando nyingine. Jioni akabonyeza pale alipozoea kubonyeza, na mstari wa kijani ukaondoka, ukapita katikati, ukaendelea. Dakika tano za somo zilitoka kwa chini ya saa moja. Alikaa akiangalia faili hiyo bila kuifungua, kwa hofu kwamba ingebadilisha nia.

Wageni walikuja Ijumaa, wakiwa wamechelewa kwa saa nne. Walisimama nyuma ya darasa, wakatazama dakika moja na nusu. Kiongozi wao akauliza kwa nini kompyuta imeachwa wazi hivyo, watoto wasije wakapigwa na umeme. Nakiru alianza kueleza habari ya kipande cha chuma, mgeni akaangalia saa. "Tuandikieni pendekezo rasmi," alisema. Wakapiga picha ya pamoja, wakaondoka kuelekea Lorugum.

"Nilisema mimi," Erupe alimwambia pale mlangoni, ingawa bila furaha.

Nakiru alibaki na darasa lake. Kwa kukosa la kufanya, aliwaonyesha watoto somo lote, mwanzo hadi mwisho. Lilipokwisha, Adut, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akicheka mpaka ameegemea dawati. Mikono yake ikasema: *Mwanamke huyu anayaambia maji yasimame kama wanafunzi.* Akaigiza: viganja juu, kuinua. Simameni! Darasa zima likasimama kwa mzaha.

Nakiru alitazama tena. Kweli. Maji yanapovukizwa, vidole hutikisika vikipanda. Yeye alikuwa amemfanya mwanamke wa shanga ainue viganja vitupu. Wiki tatu, Kakuma kwenda na kurudi, na wageni wenyewe hawakujua tofauti.

Alivuta kiti. Akamwita Adut aonyeshe ishara kwa mikono yake, polepole, na yeye akasogeza vidole vya mwanamke wa shanga kimoja baada ya kingine. Akabonyeza. Watoto walijazana nyuma yake, na kabla hawajaanza kusukumana kipande kilikuwa tayari. Vidole vilipanda vikitikisika, mvuke ukapanda navyo. Adut akakubali kwa kichwa.

Ekeno, mwanafunzi mwingine aliyebaki karibu na dirisha, akainua mkono. Wingu nalo, alisema kwa ishara, halikuwa sawa.

Nakiru alishusha pumzi ndefu, akavuta kibodi karibu.