Diski Mpya za Zahanati

Linet, muuguzi wa zahanati, alibonyeza tena kitufe cha kompyuta ya mapokezi. Feni ikanguruma, kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi yale yale: hakuna diski ya kuwashia. Benchi la zahanati, pale Nyaramba, lilikuwa limejaa. Mzee Nyangau alikuwa ameuegemeza ukutani mguu ulioanza kuoza kwa kisukari. Alihitaji rufaa, na bila idhini ya bima kupitia kompyuta hiyo, hakuna hospitali kubwa ambayo ingempokea.

"Jana, kabla hamjabadilisha diski, ilikuwa inajikokota, lakini ilikuwa inawaka," Linet alimwambia Duke, fundi wa kampuni iliyopewa zabuni ya kubadilisha diski.

Duke alikuwa ameshafungua kasha. "Hii diski mpya, SSD, ni ya kisasa, madam, na motherboard, ile bodi kuu ya ndani, ni ya kitambo. Haijui kuwaka kutoka kwa diski ya aina hii. Niliwaambia ofisini, wakasema zishanunuliwa."

"Basi rudisha ile ya zamani."

"Ofisini waliziponda zote jana jioni, ati siri za wagonjwa zisivuje."

Akachomeka flashi aliyokuwa ameitayarisha kwenye laptopu yake. "Wacha tuidanganye. Ianzie kwa flashi, flashi iielekeze kwa diski."

Linet akabonyeza kitufe. Kompyuta ikafunguka upesi kuliko alivyowahi kuiona. Wagonjwa wakapiga makofi. Mzee Nyangau akasaidiwa kusimama, akaweka kidole kwenye kisomaji cha alama za vidole ili bima imtambue.

Hapo ndipo Bwana Anyona, msimamizi wa kampuni, alipoingia. Akaiona flashi. Bila kuuliza akaizima mashine, akaichomoa flashi, akaitia mfukoni.

"Bila hiyo haiwaki," Linet alisema.

"Vifaa vya nje haviruhusiwi. Kama kuna shida, ripoti."

"Niripoti wapi?"

"Kwa mfumo."

"Mfumo si ndio uko ndani ya hii mashine, Bwana Anyona?"

Duke akainamisha kichwa, akaanza kukaza skrubu. Anyona akatoa simu, akamwelekezea Linet. "Kaa vizuri kwa kiti nikupige picha. Ofisini wanataka kuona kazi imekamilika."

Linet akainuka. Akazunguka meza, akamshika Mzee Nyangau kwapani. Kidole cha mzee kilikuwa bado kimekandamiza kisomaji kilichozimika.

"Imenikubali?"

"Bado, baba. Twende tukakuoshe kidonda."

Wakaondoka polepole, mguu ukiburuzika sakafuni. Nyuma yao simu ililia mlio wa kamera: Anyona alikuwa anapiga picha kompyuta na kiti kitupu.