Kipuri Kilichobaki Makole

Mafundi wote wana ujanja wao, lakini ujanja wa Chandulal ulikuwa umesomewa. Ukimpelekea redio mbovu pale kwenye fremu yake Makole, mjini Dodoma, aliitengeneza kweli, tena kwa mikono safi. Kisha kabla hujaja kuichukua alichomoa kitu kimoja kidogo, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Ukija, redio inakoroma tu. "Imebaki kidogo," anakuambia, macho yake kwenye lehemu wala si kwako. "Njoo Jumatatu." Jumatatu ukija unaambiwa Jumatatu, na kila ukija unaacha chochote mezani cha kusukumia kazi.

"Mteja ni yule anayerudi," alimfundisha mwanawe Jiten, aliyekulia chini ya meza ile akichezea vipande vya waya. "Aliyepona harudi kwa daktari."

Sasa mtu wa aina hiyo, hata mwanawe wa kumzaa akimwomba kitu, mnadhani atampa kizima? Weee! Ngojeni.

Jiten alikuwa Uingereza miaka mingi, mji wa Leicester, ana mke na mgahawa. Chandulal alibaki Makole peke yake baada ya mkewe kufariki, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuitwa. Aitwe akaishi na mwanawe, akafie mbele ya wajukuu. Kila akigusia habari hiyo kwenye simu, Jiten alikuwa na jibu. Mara viza ngumu, mara nyumba ndogo, mara baridi itakuua, Baba. Wazee wenzake pale hekaluni walikwisha kuitwa mmoja mmoja na watoto wao, na kila aliyeondoka alimwachia Chandulal pole ambayo hakuiomba.

Basi siku moja, msimu wa zabibu, Jiten akapiga simu ya video, uso umechangamka. Baba na mwana hawa walipozungumza mambo mazito walizungumza Kiswahili. Kigujarati waliachia sala na matusi.

"Baba, naitaka ile santuri ya mama."

Ilikuwa santuri ya kabati, ya Kijerumani, mbao zake zinang'aa mpaka unajiona meno. Redio upande mmoja, sahani ya kuchezea upande wa pili, na tumboni valvu, zile taa za kioo ambazo ukiwasha zinachukua muda kupata moto, kama mzee anayeamka alfajiri. Marehemu mkewe aliisikiliza kila jioni akichagua mchele. Uzito wake, wanaume wanne wanalaumiana.

"Utaifanyia nini?" Chandulal akauliza.

"Nataka ikae mgahawani, Baba. Watu waione. Ila itume kwa njia ya nafuu, usiniue."

Chandulal hakulala vizuri. Si kwa huzuni, la hasha, alikuwa anapiga hesabu zake. Santuri ikifika Leicester isiimbe, watatafuta fundi. Na fundi atakuwa nani? Valvu mtu anazinunua mtandaoni. Lakini ndani ya santuri ile mlikuwa na koili moja, ukubwa wa pera, aliyoisuka Chandulal mwenyewe kwa waya wa feni iliyokufa, enzi zile za uhaba ambapo hata sabuni ilitafutwa kwa kujuana. Bila koili ile sauti haitoki, na duniani kote aliyejua vipimo vyake alikuwa mmoja. Atake asitake, Jiten atamwita. Akakaona kamtego kake kazuri mwenyewe, akacheka peke yake gizani, mzee mzima.

Kesho yake akaenda kwa Zaidi, kijana wa mizigo kule Miyuji, anayekusanya vitu vya watu wengi na kuvijaza kwenye kontena moja.

"Shikamoo, Mzee Chandu. Kwa ndege sahau," Zaidi akamwambia. "Kwa ndege unapimwa kilo, utalipia mpaka vumbi lililomo ndani. Kwa meli unalipia nafasi unayokula kwenye kontena. Kwa hiyo fungua miguu, fungua vishikio, kila kinachochomoza kiingie ndani. Na usinipigie kasha la mbao mbichi. Mbao isiyopikwa na kugongwa muhuri wanairudisha, wanaogopa wadudu. Tumia plaiwudi."

"Mnapunja watu nyie."

"Sawa, Mzee. Tafuta mwingine."

Hakutafuta mwingine. Alirudi na plaiwudi juu ya bajaji, na kazi ikaanza sebuleni. Jamani, mzee alikuwa na roho mbaya, lakini kufunga mzigo alijua! Mkono wa santuri aliufunga kwa utepe usicheze. Sahani akaing'oa akailaza peke yake. Valvu kila moja aliivisha soksi, zikaingia kwenye kiboksi chao. Transfoma, lile chuma zito kama jiwe la kusagia, akalifungua skrubu akaliwekea sanduku lake, maana hilo ndilo muuaji: mzigo ukidondoka mara moja tu, transfoma linang'oka na kuponda kila kilichomo. Sanduku ndani ya kasha, na katikati yake sponji.

Sponji ndiyo ilikuwa haba. Chandulal akasimama, akaangalia huku na huku, akaingia chumba cha uani. Akatoka anakokota godoro.

Godoro hilo ndilo alilolalia Ruthu. Ruthu binti Matonya, Mgogo wa Hombolo, ndiye aliyempikia na kumfulia. Na alivyofika katika nyumba ile, sikilizeni. Baba yake Matonya alileta redio itengenezwe. Akaja Jumatatu, akaja Jumatatu, mzee wa watu kutoka Hombolo na vumbi lake miguuni, mpaka akachoka akawa anamtuma binti. Ruthu akaja kufuatilia redio, mke wa Chandulal akamwonea huruma akampa kazi. Ndiyo akabaki, na ikawa sasa yeye ndiye anayesimama mlangoni kuwaambia wateja, "Mzee amesema Jumatatu." Matonya akafa, redio yake bado iko kwenye rafu ya Chandulal.

"Mzee, hilo si godoro langu?" Ruthu akauliza.

"Lako tangu lini? La marehemu hili. Lete kisu."

"Mimi nilale wapi?"

"Kwenye mkeka. Siku chache tu, mimi naondoka nchi hii. Kata, usinitumbulie macho."

Ruthu akakata. Alikata vipande sawasawa. Kasha lilipokuwa tayari kufungwa, akamwona Chandulal akichomoa kitu kidogo na kukitia mfuko wa shati.

"Hicho hakiendi?"

"Hiki kitasafiri na mimi," Chandulal akasema, akaupapasa mfuko.

Ruthu aliufahamu mfuko ule, ndugu wa lile kopo la maziwa.

Kontena lilipoondoka, Chandulal alianza kuaga. Na aliaga kwa kishindo, kama mtu anayejua hatarudi kuomba chumvi. Fremu akamwachia kijana wa makava ya simu. Hekaluni akatangaza safari, wakamvika maua shingoni. Kwenye mitumba akanunua koti la baridi, zito, la kahawia, akawa analivaa jioni pale barazani, jasho likimtiririka. Jirani aliyemshauri asubiri kwanza barua ya mwaliko akaambiwa ana kijicho. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Chandulal aliona uzazi wake umekwisha.

Vya kwenye fremu aliwauzia watu wa vyuma chakavu, vyote, na rafu nzima ya redio za watu wasiorudi. Ruthu alipata habari kwa kijana wa makava.

"Mzee, na ile ya baba?"

"Ipi?"

"Redio ya baba yangu. Ile yenye kamba ya bluu."

Chandulal akafikiri kidogo, akakumbuka kamba. Akakumbuka pia kwamba ilikuwa nzima kabisa, ilipungukiwa skrubu moja na waya mmoja tu. "Mwenyewe si alikufa? Maiti anasikiliza taarifa ya habari?"

Usiku huo Ruthu alilala kwenye mkeka. Asubuhi alimpikia chai yake kama kawaida, yenye tangawizi, na jioni akaenda Miyuji kuulizia kazi kwa mama mmoja mwenye hosteli ya wanafunzi. Akapata, ya kuanza chuo kikifunguliwa. Alimpa Chandulal taarifa kwa adabu zote, naye Chandulal akacheka: "Nenda, nenda! Hata mimi nilikuwa nakufukuza."

Miezi ikapita. Meli ikafika. Simu ikaja Jumapili moja mchana, na Ruthu alikuwa ndiyo siku yake ya kuondoka, mfuko wake umefungwa uko mlangoni, anamalizia chapati za mwisho jikoni.

Chandulal alikimbilia koti kabla ya simu. Alilivaa, akakaa wima, akaitia koili kiganjani. Jiten akaonekana kwenye kioo, nyuma yake taa za mgahawa na watu wanakula.

"Imefika, Baba! Haina hata mkwaruzo. Watu hapa wanauliza nani kaifunga, nikawaambia ni baba yangu."

Machozi yakamlenga mzee, ya furaha. Alijikaza, akakohoa, akavaa ile sauti yake ya kidaktari.

"Na inaimba?"

"Inaimba vizuri sana. Sikiliza."

Jiten akaigeuza simu. Santuri ile pale, kwenye kona, inang'aa. Na wimbo ukatoka. Ule ule aliokuwa akiupenda marehemu, sauti safi, bila mkoromo. Chandulal alikifungua kiganja akaiangalia koili. Ilikuwepo. Akaangalia simu. Wimbo ulikuwa unaendelea.

"Haiwezekani," akasema. "Nani kaitengeneza? Fundi gani?"

"Fundi wa nini?" Jiten akauliza, akafungua mlango wa kabati.

Ndani hamkuwa na kitu. Yaani hamkuwa na santuri. Palipokuwa na valvu palikuwa na chupa za mvinyo, zimelala kwenye rafu mpya, na palipokuwa na transfoma palikuwa na kispika kidogo cha simu, ukubwa wa kikombe, kinawaka kataa ka bluu.

"Yale mavyuma tuliyatupa, Baba. Yangefanya nini? Uzito mtupu. Kumbe ungeyaacha huko huko, usafiri ungekuwa nafuu zaidi."

Chandulal akaifumbata koili.

"Halafu Baba," Jiten akaendelea, anacheka sasa, kicheko cha kweli cha mtu aliyefurahi, "unayo mfukoni, sio? Koili? Mke wangu alipoona tundu za skrubu tupu aliniuliza kimepotea nini. Nikamwambia hakijapotea kitu, hapo ndipo alipokaa baba yangu! Nimekulia chini ya meza yako mimi, unanifanyia mteja?"

Watu wa mezani nyuma yake nao wakacheka, hawajui wanachekea nini.

Chandulal hakucheka. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Alitaka kutukana, akaona akitukana simu itakatwa. Alitaka kunyamaza, akaona akinyamaza simu itakatwa. Fremu hana, vifaa hana, maua ya hekaluni yamekauka msumarini. Basi mzee ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu akabembeleza.

"Mwanangu. Hayo yaache. Mimi nije lini?"

Kicheko cha Jiten kikaisha. Akatazama pembeni, kwenye kitu ambacho hakikuwa simu, na Chandulal akaufahamu mtazamo ule papo hapo, maana ulikuwa wake. Maisha yake yote aliwatazama hivyo watu, macho kwenye lehemu.

"Imebaki kidogo, Baba," Jiten akasema. "Mambo ya makaratasi. Nitakupigia Jumatatu."

Simu ikakatika. Chandulal alibaki na koti lake, nje jua la Dodoma linapasua mawe.

Ruthu akatoka jikoni anajifuta mikono. Alikuwa amesikia sauti, maneno hakuyashika yote.

"Amesemaje, Mzee? Unakwenda lini?"

Angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini neno lilimtoka lenyewe, lilikwisha kuzoea njia.

"Amesema Jumatatu."

Ruthu alimtazama. Akatazama koti, akatazama kiganja kilichokumbatia ile koili. Kisha akainama akabeba mfuko wake, akautupia begani.

"Basi ingoje, Mzee," akasema. "Baba yangu naye aliingoja. Tukamzika Alhamisi."

Alifika mlangoni, akageuka.

"Chapati ziko kwenye hotipoti," akasema, akatoka.