Pini za Joho

Dukani pale joho halikodishwi mpaka jina la mhitimu lionekane kwenye orodha ya chuo. Binti aliijua kanuni hiyo kuliko sala zake, maana mwaka wa pili sasa alikuwa akifanya kazi pale baada ya vipindi na, tuseme ukweli, siku nyingine badala ya vipindi. Wenzake walipokuwa wakijisomea, yeye alikuwa akipiga pasi majoho. Masomo mawili yakamwangusha. Nyumbani akasema amefaulu, na kwa bosi wake akasema hivyo hivyo.

Baba yake, fundi cherehani, alimwonya mapema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Binti alicheka. "Baba, mbona mikono ninayo miwili?"

Leo mzee alikuja mwenyewe, siku mbili kabla ya mahafali, futi ya kupimia shingoni. Hakungoja kuhudumiwa. Alimvika binti yake joho, akapiga magoti, akaanza kulikunja pindo na kulibana kwa pini.

"Hili joho gani? Utadhani umevaa la babu yako!"

Bosi, mama wa makamo, alicheka, akafungua orodha ya chuo. Binti angeweza kusema ukweli hapo hapo, kabla kidole cha bosi hakijashuka. Badala yake alitazama upara wa baba yake pale chini, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kidole kilishuka ukurasa mzima, kikarudi juu.

"Fundi, jina silioni."

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia mara mbili."

"Basi hiyo orodha imekosewa!" Mzee aliinuka, sauti imempanda. "Huyu hajawahi kunidanganya tangu azaliwe. Twende chuoni sasa hivi wakatueleze!"

Afadhali angemshuku. Kuaminiwa vile, mbele ya watu, kulimchoma binti kuliko tusi lolote.

"Baba, orodha haijakosewa. Nilifeli. Nilikuwa hapa kazini."

Bosi aligeuka akajifanya anapanga majoho ambayo yalikuwa yamepangwa tangu asubuhi. Mzee alipiga magoti tena, akaanza kuchomoa pini moja moja, akizirudisha kwenye kikopo chake. Binti, machozi yakimtoka, alitaka kulivua joho upesi.

"Tulia," baba alisema bila kuinua uso. "Zimebaki tatu. Zisije zikakuchoma."