Sauti ya Mwanakombo Ilivyohamia Miasenyi

Jumatatu asubuhi Wakio alifuta meza kwa kitambaa cha mtoto alichokikuta mkobani, akawasha kompyuta, akapokea simu ya kwanza. Ofisi yao iko Voi, karibu na stesheni ya treni ya SGR, na kazi yake ni kuwachagulia watu hoteli katika kisiwa kimoja cha pwani. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Lakini anajua hoteli ipi ina mawimbi na ipi ina muziki, na mteja akipumua tu kwenye simu, Wakio anajua atampeleka wapi.

"Nimechoka na kelele, dada," mteja akasema.

"Basi wewe ni wa Mvungweni."

Mvungweni ni kijiji kilichozungukwa na hoteli moja. Wageni hutembezwa vichochoroni baada ya chai. Maelezo yake Wakio ndiye aliyeyaandika: kijiji tulivu kuliko vyote. Mwaka jana mgeni mmoja alilalamika kwamba kuna mtoto wa kijijini analia jioni, na mamake anamwimbia kwa sauti. Wakio alilituma lalamiko hotelini kama lilivyo, maana ndiyo kazi. Hoteli ikaweka kibao cha kuomba kimya. Wanakijiji wakaombwa wapunguze sauti, wakapunguza. Wakaombwa tena. Tangu hapo hakuna mgeni aliyelalamika.

Sauti zenyewe walizozipunguza zilifika Miasenyi Jumatano, saa kumi jioni. Wakio anaishi hapo kando ya barabara kuu na binti yake Shantel, wa miezi minane. Katikati ya ploti yao ya nyumba za kupanga kuna tangi jeusi ambalo halijaona maji huu mwaka wa pili. Jirani yake Teresia, anayeuza nyanya barabarani, alisikia tangi likinguruma. Miasenyi kila mtu anajua kwamba bomba hukohoa kabla ya maji kufika, kwa hivyo Teresia alifanya ambalo yeyote angefanya: alipanga mitungi yake mitatu ya plastiki chini ya mfereji wa tangi, akapiga kelele kuita wengine. Wakio aliporudi kutoka kazini, foleni ya mitungi ilikuwa imefika hadi kwa fundi wa pancha.

"Maji yamerudi?" akauliza.

"Bado," Teresia akasema. "Ni watu. Wa Mvungweni, huko kisiwani. Sauti tu. Lakini wana adabu, wamesalimia kila mtu."

Fundi wa pancha alikuwa ameshawauliza mbona wakachagua Miasenyi. Sauti ya mzee ikajibu kutoka ndani ya tangi kwamba huku hakuna anayeambiwa anyamaze. Malori yenyewe hayaambiwi. Watu wakaona hilo ni kweli. Na kwa kuwa mgeni halazwi kwenye tangi kama mahindi, na mitungi ilikuwa pale pale, kila nyumba ilikinga sauti moja mtungini, ikafunga kifuniko bila kukaza, ikaenda nayo.

Teresia alipata muuza samaki. Kufikia kesho yake alikuwa amemweka kibandani, na sauti hiyo ikimnadia: "Haya nyanya, nyanya! Zimetoka majini sasa hivi!" Madereva wakawa wanasimama.

Wakio alipata mwanamke aliyejiita Mwanakombo.

"Karibu," Wakio akamwambia. "Utakula?"

"Sauti haili, dada. Ahsante."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Wakio aliona aibu kumpokea mgeni mikono mitupu. Akauweka mtungi karibu na kitanda, mahali pasipo jua.

Jioni hiyo ya Jumatano Shantel, aliyekuwa akiota meno, alilia. Mwanakombo akaanza kumwimbia polepole wimbo wa kwao, na mtoto akalala kabla wimbo haujafika katikati. Wakio, aliyekuwa na siku tatu bila usingizi wa maana, alisinzia papo hapo kwenye kiti. Alhamisi ikawa vivyo hivyo. Ijumaa Shantel alilia na mtungi ukanyamaza.

"Samahani, dada," Mwanakombo akasema hatimaye. "Nina wangu kule. Haji, wa miaka miwili. Mwili wangu uko naye, unampakata kila jioni, unafungua mdomo, halafu hakitoki kitu. Anatazama mdomo tu. Halali."

"Ndiye yule wa kulia jioni?"

"Ndiye. Kuna aliyetusema hotelini."

"Yale maneno ni mimi niliyeyatuma," Wakio akasema.

Lori likapita, na jingine.

"Basi nipigie simu kwa Haji," Mwanakombo akasema.

Jumamosi, saa moja jioni, Wakio alimpigia Gilbert wa mapokezi, kijana wa Wundanyi anayefanya kazi kwenye hoteli ya Mvungweni, akamwomba apeleke simu kwa kina Haji.

"Sister, hapa hatuongei na simu ovyo," Gilbert akanong'ona. "Nitafukuzwa."

"Nyinyi hamtaongea. Tutaongea sisi."

"Ngoja basi nitafute earphone."

Wakio aliweka simu kwenye mdomo wa mtungi. Mwanakombo akaimba. Upande wa pili zikasikika pumzi za mtoto, fupi fupi, kisha ndefu.

"Amelala," Gilbert akanong'ona.

"Usikate," Mwanakombo akasema. Wakasikiliza pumzi hizo mpaka salio likaisha.

Kuanzia hapo wakapiga kila jioni. Wimbo mmoja ukawa unalaza watoto wawili.

Ofisini, Wakio alimwomba mkubwa wake, Obadiah, waiondoe Mvungweni kwenye orodha. Obadiah ni mzee wa kanisa na hapendi udanganyifu.

"Kuondoa hapana," akasema. "Lakini kama kuna jambo wateja hawalijui, liandike. Sisi si waongo."

Wakio akaandika: kijiji hiki ni kitulivu kwa sababu wenyeji wamenyamazishwa. Kufikia Alhamisi vyumba vyote vilikuwa vimejaa hadi Krismasi.

Jumamosi iliyofuata, Mwanakombo alipokuwa akiimba, Haji alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtoto aliyetambua jambo. Mwanakombo akaacha wimbo, naye akacheka, na Shantel akachekelea wote wawili. Gilbert alisikika akisema shh, shh, lakini hakusema kwa nguvu.

Jumatatu lalamiko juu ya kicheko hicho likafika kwenye kompyuta. Safari hii Wakio alilifuta. Mgeni, alipoona hajibiwi, alikwenda mwenyewe mapokezi, na kina Haji wakaombwa tena wapunguze sauti.

Jumanne asubuhi Wakio alikuwa akimlisha Shantel uji. Mlango ulikuwa wazi. Pale chini, karibu na kizingiti, kikasikika kicheko kidogo, cha mtu ambaye bado hajajifunza kupiga hodi.

Mwanakombo alikisikia kutoka ndani ya mtungi.

"Dada," akasema. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Sauti imekuja yote? Hawakumwachia hata ya kulilia?"

Wakio alisikiliza. Kicheko kilikwisha, kikaanza kilio, kisha neno moja, mama, kisha kicheko tena.

"Imekuja yote," akasema.

Akaweka kijiko chini. Akaulaza mtungi sakafuni, mdomo ukaelekea mlangoni, kwa sababu mtoto ni mfupi, akazungusha kifuniko mpaka kikatoka. Kisha akambeba Shantel, akasogea kando, akampisha Haji apite.